Vyombo stoo, rimoti sebuleni: uchambuzi wa ripita ya IR inayogoma mchana

Nyumba iko Dar es Salaam, ya ghorofa moja. Televisheni ya inchi 65 imefungwa ukutani sebuleni, na chini yake hakuna meza, hakuna kabati, hakuna waya unaoning'inia. Ndivyo mwenye nyumba alivyotaka. Vyombo vingine vyote vimehamishiwa stoo ya chini ya ngazi, upande wa pili wa ukuta, nyuma ya mlango wa mbao. Kwenye shelfu za stoo kuna king'amuzi cha dishi, amplifaya ya sinema yenye spika tano na sabufa, deki ya Blu-ray, na kiboksi cha Android chenye rimoti ya Bluetooth. Waya wa HDMI wa mita 8 unatoka kwenye amplifaya na kupita kwenye paipu ya PVC ya milimita 32 hadi nyuma ya televisheni.

Ili rimoti zifanye kazi, iliwekwa ripita ya IR, yaani kifaa kinachopokea mwanga wa infraredi (IR) wa rimoti na kuurusha upya mbele ya vyombo vilivyofichwa. Ni ya aina inayouzwa ikiwa seti moja: jicho la kupokea, kiboksi kidogo cha kati, vijitaa vinne vya kubandika mbele ya vyombo, na waya wa USB wa kuvuta umeme wa volti 5. Jicho lilibandikwa chini ya ukingo wa televisheni. Waya wake haukufika stoo, ukaongezewa waya wa hedifoni wa mita 5.

Malalamiko ni haya. Usiku vyombo karibu vyote vinatii. Asubuhi hadi mchana, rimoti ya king'amuzi ama haifanyi kitu, ama inaruka chaneli mbili kwa kubonyeza mara moja. Amplifaya inaitika ikipenda, mchana na usiku. Deki haina tatizo saa yoyote, ila hakuna anayeitumia mchana, kwa hiyo ushahidi wake si mkubwa. Kiboksi cha Android kinachelewa: unabonyeza, unasubiri, halafu kiteuzi kinaruka hatua tatu kwa mpigo. Ushauri uliokuwa umetolewa ni kununua ripita "yenye nguvu zaidi". Ushauri huu husikika kila mahali na mara nyingi ni hasara tupu, kwa sababu nguvu ya ripita iko kwenye vijitaa vya kutuma, na hapa jicho ndilo lisilosikia.

Mwanga unavyosafiri

Rimoti ya kawaida hutoa mwanga wa infraredi wenye urefu wa wimbi wa nanomita 940 hivi, ambao jicho la mtu halioni. Mwanga huo hauwaki tu na kuzima. Unapepesa kwa kasi, mara nyingi kHz 38, yaani mara 38,000 kwa sekunde, na ujumbe wenyewe umeandikwa kwa urefu wa vipindi vya kupepesa na vipindi vya giza. Kupepesa huko ndiko kunakoliwezesha jicho kutofautisha rimoti na jua, taa, au moto wa jiko: saketi yake huchuja kila kisichopepesa karibu na kHz 38. Si vyombo vyote vinavyotumia kasi hiyo. Mfumo wa RC-5 wa Philips hutumia kHz 36, Sony hutumia kHz 40, na baadhi ya ving'amuzi hasa vya Marekani hutumia kHz 56. Jicho la kHz 38 hupokea 36 na 40 kwa udhaifu kidogo, 56 hulipita. Ukikuta chombo kimoja tu kimegoma na vingine vyote viko sawa, hilo ni la kulifikiria mapema.

Ndani ya jicho kuna pia kidhibiti kinachopunguza usikivu kila kinapohisi kelele za mfululizo. Chumba chenye kelele nyingi za mwanga hakilizimi jicho. Kinalifanya liwe kiziwi. Rimoti iliyokuwa inafika mita 8 inafika mita 2, na mwenye nyumba anaanza kubadilisha betri.

Kutoka kwenye jicho ishara huingia kiboksi cha kati, kinachowasha vijitaa kwa kupepesa kulekule. Hapa ndipo mafundi wengi wanaojiundia ripita hukwama. Jicho la kawaida, kama TSOP38238, tayari limekwisha kuondoa ile kHz 38. Kinachotoka kwenye mguu wake ni ujumbe mtupu. Ukiunganisha mguu huo na transista moja kwa moja hadi kwenye LED, LED itawaka na kuzima kwa mpangilio sahihi kabisa, utaiona kwenye kamera, na king'amuzi hakitaelewa chochote. Inabidi kHz 38 irudishwe. Aisii ya 555 yenye kapasita ya nanofaradi 1, rizista ya kilohm 4.7 na nyingine ya kilohm 15 iliyofuatana na ya kurekebisha ya kilohm 5, hufika hapo ukiigeuza taratibu: jumla inayotakiwa ni rizista ya kwanza pamoja na mara mbili ya ya pili kuwa karibu kilohm 37.9. Seti za dukani zimeshafanya kazi hiyo ndani ya kiboksi.

Kutenganisha tatizo

Kosa kubwa katika kazi hii ni kubadilisha vitu viwili kwa wakati mmoja. Njia ina vituo vitatu, jicho, kiboksi na kijitaa, na kila kimoja kinapimika peke yake.

Kwanza rimoti yenyewe ilipelekwa stoo, mlango ukafunguliwa, na kila chombo kikajaribiwa kwa kuelekezewa ana kwa ana. Vyote vitatu vya IR viliitika mara moja. Rimoti ni nzima, vyombo ni vizima. Kisha vijitaa vikaangaliwa kwa kamera ya mbele ya simu, ile ya kujipigia picha, kwa sababu kamera ya nyuma ya simu nyingi ina kichujio kinachoua infraredi. Mtu mmoja sebuleni anabonyeza, mwingine stoo anatazama. Mwanga wa zambarau uliofifia ulionekana kwenye vijitaa vyote vinne.

Kipimo cha tatu ndicho kilichofungua kesi. Kiboksi cha ripita kina taa ndogo inayopepesa kila jicho linapopokea ishara. Bila mtu kushika rimoti, saa nne asubuhi, televisheni ikiwa imewashwa, taa hiyo ilikuwa inachezacheza yenyewe. Jicho likafunikwa kwa kidole gumba, taa ikatulia. Kidole kikaondolewa, ikaanza tena. Kwa hiyo kelele nyingi zinaingia kama mwanga, kupitia jicho. Zilibaki nyingine kidogo zilizoendelea hata jicho likiwa limefunikwa, kila feni ya dari ilipowekwa kwenye mwendo wa chini. Hizo haziwezi kuwa mwanga.

Ukiwa na ripita isiyo na taa ya namna hiyo, weka mita kwenye waya wa ishara na waya wa ardhi wa jicho, uchague volti za DC. Usiulize inasoma ngapi, kwa maana seti hutofautiana. Tazama kama inatulia. Chumba kikiwa kimya, namba isitikisike mpaka mtu abonyeze.

Jicho na mahali pake

Vitu viwili vilikuwa vinalionea jicho. Cha kwanza ni televisheni yenyewe. Taa za nyuma ya kioo hupunguzwa mwangaza kwa kuwashwa na kuzimwa haraka, na jicho lililogusana na ukingo wa chini linapata sehemu ya mwanga huo. Wakati wa televisheni za plazma tatizo hili lilikuwa sugu kiasi kwamba macho ya ripita yaliuzwa yakiwa na kichujio maalumu kwa ajili yake. Siku hizi limepungua, halijaisha. Cha pili ni mlango wa kioo wa baraza, uliotazamana na televisheni. Jua halipepesi, lakini ni kubwa mno: linajaza jicho mpaka ishara ndogo ya rimoti inazama humo.

Jicho lilihamishwa sentimita 40 pembeni, likatolewa kabisa kwenye fremu ya televisheni na kuwekwa nyuma ya kifuniko cha boksi la swichi lisilotumika, kilichotobolewa tundu la milimita 7. Tundu linatazama makochi, si mlango wa baraza. Mbele ya jicho kikavishwa kipande cha neli nyeusi ya kusinyaa kwa moto, kikitokeza milimita 10, kufanya kofia. Kofia hiyo inakata mwanga wa pembeni na wa juu na bado inaacha upana wa kutosha kwa watu walioketi kochi la mwisho. Ukiirefusha kufikia milimita 20, anayekaa pembeni atakosa. Taa ya kiboksi ilitulia saa nne asubuhi pazia likiwa wazi.

Kama jicho lazima lifichwe nyuma ya kitu, tumia plastiki ya rangi ya damu iliyokolea inayokuwa mbele ya rimoti au televisheni iliyokufa. Inapitisha infraredi na kuzuia mwanga mwingi unaoonekana. Kioo cheusi cha kawaida au stika ya gari ni kubahatisha.

Kuhusu taa za dari: balbu za kubana matumizi za zamani, zile za mrija uliojisokota, huendeshwa kwa kasi inayoangukia karibu kabisa na kHz 38, na LED za bei ya chini zenye kupunguza mwangaza nazo hazieleweki. Sebule hii haikuwa na tatizo hilo, lakini kipimo ni kilekile: washa zote, tazama taa ya kiboksi.

Kuruka chaneli mbili

Hili lilidhaniwa kuwa kosa la king'amuzi. Ukishika kitufe hata kwa muda mfupi, rimoti hairushi ujumbe mmoja. Huurudia kila sehemu ya kumi ya sekunde hivi mpaka uachie. Chombo hujua kwamba marudio hayo ni bonyezo lilelile kwa njia mojawapo ya mbili. RC-5 ina alama inayogeuka kila kitufe kinapobonyezwa upya, kwa hiyo ujumbe mmoja ukipotea katikati, chombo hakidanganyiki. Mifumo mingine hurudia bila alama hiyo, na chombo hutegemea muda tu: marudio yakifuatana bila pengo ni bonyezo moja, pakiwa na pengo, ni mabonyezo mawili. Kelele ilikuwa inakula ujumbe wa kati. King'amuzi kilipokea wa kwanza, kikakosa wa pili, kikapata wa tatu, na kikahesabu chaneli mbili.

Ndiyo maana jicho lilipohamishwa, kuruka nako kuliisha bila king'amuzi kuguswa. Ni vizuri kulijua hili kabla ya kuanza kurudisha king'amuzi kwenye mipangilio ya kiwandani na kutafuta chaneli upya bure.

Waya wa hedifoni

Ile kelele ya feni ilikuwa kwenye waya wa kuongezea. Ulikuwa umepitishwa paipu moja na waya wa umeme wa televisheni, mita nzima ukiwa umelalia waya wa volti 230. Regyuleta ya feni hukata umeme vipande vipande ili kupunguza mwendo, na kila mkato hutoa mshtuko unaorukia waya uliolala jirani. Hapa usalama unatangulia hata ripita: waya za ishara na umeme wa nyumba hazichangii paipu. Waya wa televisheni ulitolewa na kupewa njia yake.

Badala ya waya wa hedifoni iliwekwa Cat6, waya wa mtandao wa kompyuta. Jicho linahitaji nyaya tatu, umeme, ishara na ardhi, na Cat6 inazo nane zilizosokotwa mbilimbili. Mpango unaofaa ni huu: jozi ya machungwa ibebe ishara kwa uzi mmoja na ardhi kwa uzi wa pili, jozi ya buluu ibebe volti 5 na ardhi, nyuzi mbili za ardhi ziungane kwenye ncha zote mbili. Kuipa ishara ardhi yake kwenye jozi hiyohiyo ndiko kunakofukuza kelele. Jicho linakula miliampea chache tu, hivyo kushuka kwa volti kwenye mita 10 au 15 za Cat6 hakuna maana.

Kuna mitego miwili ya jeki ya milimita 3.5 ambayo huua seti nyingi. Jeki ya jicho ina pete mbili nyeusi, yaani sehemu tatu za chuma. Jeki ya kijitaa ina pete moja, sehemu mbili. Ukiongeza waya wa jicho kwa waya wenye jeki ya pete moja, unaunganisha mguu wa kati na ardhi, na kutegemea seti yako, mguu huo unaweza kuwa ndio wa umeme. Waya wa pete tatu, wa hedifoni za simu zenye maiki, nao mara hugusa vizuri na mara haugusi. Mtego wa pili ni kuchanganya seti: watengenezaji hawakukubaliana ipi kati ya ncha, pete na shina iwe umeme, ishara au ardhi. Jicho la seti moja likichomekwa kwenye kiboksi cha nyingine linaweza kuingia vizuri na kuungua kimyakimya. Pima kwa mita kwenye tundu la kiboksi kabla ya kuchomeka.

Amplifaya isiyoitika

Hapa kosa lilikuwa la sentimita 2. Kijitaa kilibandikwa kwenye kioo cheusi cha mbele ya amplifaya, palipodhaniwa kuwa na jicho kwa sababu paling'aa. Uso wa amplifaya nyingi una kioo kirefu cheusi, na jicho ni kiduara kidogo nyuma ya sehemu yake moja tu. Mwanga wa kijitaa kilichobandikwa hausambai kama wa rimoti ya mkononi. Unaangukia eneo dogo.

Njia ya kulipata jicho: zima taa ya stoo, mulika kioo kwa tochi ya simu ukiwa umeilaza pembeni, na utaona kitone chenye mbinuko kama nusu ya punje ya kunde. Kama hakionekani, kata kadibodi nyeusi iliyo pana kuliko chombo, itoboe tundu la milimita 5, shikilia rimoti nyuma ya tundu na uitembeze taratibu usoni mwa chombo huku ukibonyeza sauti. Mahali pekee panapoitika ndipo penye jicho. Weka alama kwa kipande kidogo cha tepu.

Kijitaa kilihamishwa, kikabandikwa kikiwa kimejitenga milimita chache badala ya kugandamana na jicho. Mwanga mkali mno kwa karibu hulishinda jicho vilevile kama mwanga hafifu. Chombo kikiitika mwanzo wa bonyezo na kukatika, sogeza kijitaa milimita 5 pembeni au weka tabaka la karatasi nyeupe katikati. Juu yake kikavishwa tepu nyeusi ya umeme. Tepu hiyo ni ya lazima pale ambapo nyumba ina ving'amuzi viwili vya aina moja: bila kufunika, rimoti moja itabadilisha vyote.

Kijitaa kikishukiwa kufa, mita kwenye kipimo cha dayodi itasoma karibu volti 1.0 hadi 1.2 upande mmoja na kutosoma chochote upande wa pili. Kile chenye vichwa viwili hufuatanisha LED mbili, na mita nyingi hazina nguvu ya kuzisoma zote mbili, kwa hiyo usikitupe kabla ya kukijaribu kwenye kiboksi.

Sauti bila IR

Baada ya hapo ilionekana kwamba kwa matumizi ya kila siku amplifaya haihitaji IR kabisa. Ndani ya waya wa HDMI, pini namba 13, kuna njia ya CEC inayobeba amri kati ya vyombo. Samsung huiita Anynet+, LG huiita Simplink, Sony huiita Bravia Sync. Ni kitu kilekile, na kwa kawaida vinaelewana. Rimoti ya king'amuzi ilipangwa kitufe chake cha sauti kitume amri ya televisheni. Televisheni iko wazi ukutani, inaipokea bila ripita, na kwa kuwa sauti yake inatoka kwa ARC (njia ya HDMI inayorudisha sauti kutoka televisheni) kwenda kwenye amplifaya, inaipitisha amri hiyo kwa CEC.

Masharti yake ni machache lakini hayasamehe. Waya uingie kwenye tundu la televisheni lililoandikwa ARC au eARC na kwenye tundu la amplifaya la kutoa lenye maandishi hayohayo. CEC iwashwe kote kuwili. Kwenye king'amuzi na deki ilizimwa makusudi, kwa maana deki ikiwashwa inanyakua skrini hata mtu anapoangalia mpira, na kuzima chombo kimoja kunazima vyote. CEC pia ni ya pole: kila biti inachukua milisekunde 2.4, na amri moja ya kitufe ni baiti tatu za biti kumikumi pamoja na ishara ya kuanzia, jumla milisekunde 76 na ushee. Sauti itapanda kwa hatua, haitateleza. Anayetaka kuteleza abaki na rimoti ya amplifaya na kijitaa chake, ambacho kiliachwa mahali pake kwa ajili ya kubadili chanzo.

Kiboksi cha Android

Ripita haimhusu mtu anayetumia Bluetooth. Kiboksi kilikuwa juu ya amplifaya, nyuma yake diski ya nje ya USB 3.0. Bluetooth iko kwenye GHz 2.4, ukuta wa matofali na bati la amplifaya vinaidhoofisha, lakini mkosaji mkubwa alikuwa diski: USB 3.0 hutoa kelele ya redio katika eneo hilohilo la GHz 2.4, jambo ambalo Intel ililieleza wazi mwaka 2012. Diski ilipochomolewa tu, rimoti ikawa nyepesi.

Kulikuwa na njia mbili. Moja ni kubaki stoo, diski ikapelekwa umbali wa mita moja kwa waya wenye kinga nzuri au ikachomekwa tundu la USB 2.0. Nyingine, iliyochaguliwa, ni kukifunga kiboksi nyuma ya televisheni kwa tepu ya kunatana na HDMI fupi. Ni kidogo, hakionekani, na sauti yake inarudi stoo kwa ARC. Kuna mahali ambapo kuficha kila kitu stoo ni ubishi tu.

Joto

Stoo ilikuwa na joto la kuunguza vidole juu ya amplifaya, na hili lina uhusiano na rimoti: gundi ya vijitaa hulainika, kijitaa kinateleza milimita chache kila wiki, na siku moja chombo "kinakufa". Hesabu ya haraka ni kuzidisha wati kwa 3 na kugawanya kwa nyuzi za joto unazokubali hewa ipande. Jibu ni mita za ujazo kwa saa. Vyombo vilivyobaki vinakula pamoja kama wati 130. Kwa nyuzi 10 ni mita za ujazo 39 kwa saa. Feni moja ya kompyuta ya milimita 120 inafika kwa maandishi, ila wavu na kona hula sehemu kubwa, hivyo zimewekwa mbili juu ya mlango zikitoa hewa nje, zikilishwa volti 9 badala ya 12 ili zisivume. Chini ya mlango wa upana wa sentimita 80 pameachwa mwanya wa sentimita 2. Bila mwanya huo feni zinazungusha hewa ileile.

Zilizokataliwa

Vifaa vya Wi-Fi vya kurusha IR, kama Broadlink RM4 Mini, vilifikiriwa. Vinafaa kwa kiyoyozi. Kwa televisheni ya familia vina udhia: vinaunganishwa kwa Wi-Fi ya GHz 2.4 tu, na umeme ukikatika na kurudi, unangoja ruta iamke kabla ya kubadilisha chaneli. Ripita ya waya inaamka papo hapo, na mgeni anaokota rimoti na kuitumia bila kuelekezwa. Familia ya Logitech Harmony, rimoti moja ya kuendesha vyombo vyote, ilikuwa nzuri, lakini Logitech ilitangaza Aprili 2021 kwamba haitengenezi tena. Kuijengea nyumba mpya si busara. Vipitisha-ishara vya redio vya MHz 433 hupenya ukuta vizuri, lakini rimoti nyingi za mageti na kengele ziko kwenye masafa hayohayo. Kama stoo ingekuwa mita 20 au zaidi kutoka televisheni, mazungumzo yangebadilika: HDMI ya shaba kwa picha ya 4K haifiki huko, na seti ya kupitisha HDMI kwenye Cat6 ingekuja na IR yake ndani.

Makabidhiano

Majaribio ya mwisho yalifanywa mchana, pazia wazi, televisheni imewashwa, feni mwendo wa chini, taa zote zikiwaka. Kujaribu ripita jioni peke yake ndiko kulikoifanya kazi ya awali ionekane imekamilika. Mchoro wa nyuzi za Cat6 umebandikwa ndani ya mlango wa stoo, pamoja na kijitaa kimoja cha akiba.

Jambo moja lilirekebishwa dakika za mwisho. Waya wa USB wa ripita ulikuwa umechomekwa nyuma ya king'amuzi. King'amuzi kikizimwa kwa rimoti, tundu lake la USB linakata umeme, ripita inazimika, na hakuna tena njia ya kukiwasha bila kwenda stoo. Sasa ripita ina adapta yake ya volti 5, kwenye soketi ya gadi (kifaa cha kulinda vyombo dhidi ya umeme usiotulia) moja na vyombo vingine. Gadi hukawia kabla ya kurudisha umeme baada ya TANESCO kurudi, wakati mwingine dakika kadhaa. Muda huo rimoti ikigoma, hakuna kilichoharibika.